Umempa Wakala Pesa, Mtandao Ukapotea: Sasa Pesa Ziko kwa Nani?

Saa kumi na mbili unusu jioni. Mama mboga amefunga kibanda, na kwa leso amefunga shilingi 12,000. Ni mauzo ya siku kadhaa, na kesho asubuhi zinafaa kulipa karo. Anapitia kwa wakala aliyemzoea, yule wa kona karibu na steji.

"Mama, leo mtandao unasumbua," kijana wa duka anamwambia. "Niachie tu hapa. Ukirudi nitakuwekea, utaona meseji."

"Sawa, kijana yangu. Usisahau, hizo ni za karo."

Usiku meseji haiji. Asubuhi anapita, duka limefungwa. Saa nne bado. Anapiga simu ya kijana, haipatikani. Saa sita anatupigia sisi, sauti imeanza kutetemeka: "Wakala wenu amekula pesa yangu. Mnirudishie."

Huyu mama ni wa mfano tu, lakini uliza steji yoyote na hutakosa mtu yamempata yanayofanana na hayo. Na swali lake ni la haki. Duka lilikuwa na rangi zetu. Namba ya wakala ilikuwa imebandikwa ukutani. Kwa nini basi jibu lisiwe rahisi?

Ni kwa sababu yule kijana, akiwa amesimama pale pale kaunta, anaweza kuwa anafanya kazi ya watu watatu tofauti. Ukijua wakati huo anafanya ya nani, utajua wa kumdai ni nani.

Uwakala ni nini hasa?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Maneno aliyobeba si yake, ni ya aliyemtuma, kwa hivyo ukiwa na neno, nenda kwa aliyemtuma. Sheria ya uwakala imesimama hapo hapo. Mtu akikupa ruhusa ya kufanya jambo kwa niaba yake, ukalifanya ndani ya ruhusa hiyo, ni kama amelifanya yeye mwenyewe.

Kwa hivyo kuna watu watatu: aliyetuma, aliyetumwa, na mtu wa nje anayehudumiwa. Kwa kawaida, aliyetumwa akimaliza kazi yake vizuri, deni na haki hubaki kati ya wale wengine wawili. Yeye anatoka katikati.

Shida huanza pale aliyetumwa anapofanya kitu ambacho hakutumwa.

Kijana mmoja, kazi tatu

*Kazi ya kwanza: wakala wetu.* Ukitoa pesa kwa namba ya wakala, au akikuwekea pesa na meseji ikaingia kwa simu yako, hapo anafanya kazi yetu. Kanuni za Mfumo wa Kitaifa wa Malipo za 2014 ziko wazi: kampuni inayotoa huduma ya malipo inawajibika kwa wateja wake kwa yale mawakala wake wanayofanya ndani ya kazi waliyopewa. Hatuwezi kukuambia "hiyo ni shida yako na wakala". Akikutoza ada ambayo haiko kwenye orodha yetu, au akikutolea pesa kisha akupe noti pungufu, leta malalamiko kwetu.

*Kazi ya pili: mfanyabiashara anayejitegemea.* Watu wengi hufikiria wakala ameandikwa kazi na sisi. Hapana. Hatumlipi mshahara. Kodi ya duka analipa mwenyewe, floti ananunua kwa pesa zake, na kwetu anapata kamisheni. Msichana aliyemwajiri akae kaunta ni mfanyakazi wake, si wetu. Kwa lugha ya sheria, mtu wa namna hii ni mkandarasi anayejitegemea: sisi tunajali huduma itolewe kwa masharti tuliyokubaliana, lakini biashara ni yake. Ndiyo maana duka hilo hilo linauza soda, chaja na mkate, na pengine pembeni kuna fundi wa simu. Chaja ikiungua siku ya pili, au fundi akiharibu kioo, hiyo haikuwa kazi yetu. Unamdai yeye.

Hapa ndipo hata watu waliosoma huchanganyikiwa. Kwamba mtu anajitegemea hakumaanishi si wakala. Anaweza kuwa vyote viwili: anajitegemea katika biashara yake, na ni wakala wetu katika kuweka na kutoa pesa.

*Kazi ya tatu: mjumbe wako wewe.* Hii ndiyo watu hawaioni. Rudi kwa yule mama. Aliposema "sawa, kijana yangu" akaacha pesa, alimpa kijana kazi mpya: nishikie hizi, na baadaye unifanyie hivi. Hapo anayetuma si kampuni tena. Ni mama.

Pesa zinavyotembea

Ili uone tofauti, lazima ujue kinachotokea ukiweka pesa. Wakala hachukui noti zako akatuletea. Yeye tayari ana floti, yaani pesa za kielektroniki alizonunua mapema. Ukimpa 12,000 taslimu, anakuhamishia floti ya 12,000 kutoka kwa simu yake hadi kwa yako. Noti anabaki nazo, ni zake. Yako sasa ni ile salio, na pesa zinazosimamia salio la wateja hukaa kwenye akaunti ya amana benki, mbali na droo ya duka lolote.

Kwa hivyo kama floti haijahama, hakuna kilichohama. Umetoa noti, zimeingia droo ya mtu, basi. Kwa mfumo wetu mama mboga hakuweka hata shilingi. Meseji ndiyo alama ya kwamba pesa zimetoka mikononi mwa kijana zikaingia kwako.

Sheria za benki zimelitambua jambo hili. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya kuhusu mawakala wa benki unamkataza wakala kufanya muamala wakati mawasiliano yamekatika, au wakati risiti haiwezi kutolewa. Kwa hivyo wakala akikuambia "rudi baadaye, mtandao umelala", usimkasirikie. Huyo ndiye anakulinda.

Mjane wa Liverpool

Je, hiyo inamaanisha kampuni inaweza kunawa mikono kila wakala anapoiba? La hasha. Sehemu kubwa ya sheria ya uwakala tunayotumia Kenya imetokana na maamuzi ya mahakama za Uingereza, na kuna kesi moja ambayo kila mwanafunzi wa sheria huisoma: Lloyd dhidi ya Grace, Smith & Co., iliyoamuliwa mwaka wa 1912.

Mjane mmoja alikuwa na nyumba mbili ndogo na pesa kiasi alizokopesha watu. Mapato hayakumtosha, akaenda kwa ofisi ya mawakili mjini Liverpool kuomba ushauri. Karani mkuu wa ofisi alimpokea, akamshauri auze, akamwekea karatasi mbili za kutia sahihi. Mjane alidhani ni za kuuza nyumba. Kumbe alikuwa anamwandikia karani mali yake yote. Karani akauza, akala.

Wakili mwenye ofisi alijitetea: mimi sikujua, na sikupata hata senti. Yote yalikuwa kweli. Lakini mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema lazima alipe. Yeye ndiye aliyemweka karani pale, akampa kazi ya kupokea wateja wa aina hiyo. Mjane hakumwendea karani kama rafiki; aliiendea ofisi. Hasara ikawa ya aliyemwamini karani akamweka mbele ya watu, si ya mjane aliyemkuta pale.

Funzo ni hili: mahakama haiulizi tu "kampuni iliruhusu nini kimya kimya kwenye mkataba". Inauliza pia "kampuni ilimfanya mteja aamini nini". Rangi za duka, bango na namba ukutani ni maneno yetu kwako. Yana uzito, na hatuwezi kuyakana.

Basi yule mama atalipwa na nani?

Tuseme ukweli kama ulivyo.

Kijana anadaiwa, hilo halina ubishi. Mtu akikubali kushika pesa zako akufanyie jambo, sheria inamtaka afuate ulichomwagiza, atoe hesabu, na asijinufaishe nazo kwa siri. Na mwenye duka, kama kijana ni mfanyakazi wake aliyepokea pesa kwenye kaunta yake, naye ana maswali ya kujibu.

Na sisi? Mama anaweza kusema kama mjane wa Liverpool: niliingia kwa duka lenye bango lenu, nikatoa pesa za kuweka. Si hoja ya kudharau. Lakini upande wa pili kuna hoja pia: aliambiwa wazi mtandao haupo, akajua muamala haujafanyika, akakubali kumwachia mtu aliyemzoea. Mtu akijua kwamba mjumbe ametoka nje ya kazi aliyotumwa, si rahisi kumdai aliyetuma. Halafu kuna ushahidi. Hakuna meseji, hakuna namba ya muamala, pengine hata kitabu cha wakala hakikuandikwa. Ni neno lake dhidi ya neno la kijana.

Kwa mama aliyepata meseji, tunafungua mfumo na tunaona muamala wake. Kwa mama aliyeacha noti, kesi inaanza kwa "nani alisema nini". Kati ya hao wawili, tofauti ilikuwa dakika chache za kungoja, au safari ya kwenda kwa wakala wa pili.

Wengine ambao si mawakala wetu

*Mwenye duka la till.* Ukilipa kwa till, yeye ni muuzaji anayepokea malipo kupitia kwetu. Hatumtumi kuuza. Nyama ikiwa imeoza au kiatu kikipasuka, mdai yeye. Kosa la malipo lenyewe, kwa mfano umekatwa mara mbili, hilo ni letu.

*Mtu wa boda uliyempa simu na PIN akutolee pesa.* Huyo ni mjumbe wako kabisa. Akitoa 5,000 badala ya 2,000, mfumo uliona PIN sahihi, nawe ndiwe uliyempa. Hata kama ni ndugu yako. PIN haitumwi na mtu.

*Anayepiga simu akisema "mimi ni wakala, nimekutumia kimakosa".* Usirudishe kwa haraka na usifuate maagizo yake. Angalia salio lako kwanza, kisha tupigie. Kujiita wakala hakumfanyi mtu kuwa wakala. Anayemfanya ni yule aliyemtuma, na sisi hatutumi mtu kukuomba PIN.

Ukiwa dukani

Ngoja meseji kabla ya kuondoka, na usome jina, kiasi na salio. Meseji ikichelewa, angalia salio kwa simu yako mwenyewe, usitegemee kuonyeshwa simu ya wakala.

Mtandao ukipotea kabla hujatoa noti, weka mfukoni, nenda. Ukipotea baada ya kutoa, omba noti zako zirudi. Si aibu, na si kumwonyesha mtu humwamini. Wakala mzuri atakurudishia bila kununa.

Thibitisha namba ya wakala ukutani inafanana na jina linalotokea kwa simu yako unapotoa pesa.

Na kama lazima uache pesa, jua unachofanya: unamkopesha mtu imani, huweki pesa kwetu. Angalau muandikiane kiasi, tarehe na saa, kila mtu atie sahihi.

Kama mambo yameshaharibika

Tupigie siku hiyo hiyo. Tupe namba ya wakala, saa, na kiasi. Hata kama hakuna muamala, tunataka kujua wakala anayepokea pesa bila mtandao, kwa sababu kesho atampokea mwingine. Ukiona kuna wizi, ripoti kituo cha polisi upate namba ya OB.

Na kama mtu amekataa kukulipa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Shilingi 12,000 za karo zinatosha kabisa kukupeleka huko.

Lakini bora usifike huko. Kesho jioni kijana wa kona akikuambia "niachie tu hapa", jiulize kabla ya kufungua leso: sasa hivi, huyu ametumwa na nani? Kama jibu ni "mimi", rudi na pesa zako nyumbani. Mtandao utarudi.