Siku za Mfungwa Mbele ya Mahakama

Hapa Tabora tunalo Gereza Kuu la Uyui, na tunayo pia Mahakama Kuu. Wenzangu wa kidato cha tatu wameniuliza: ikiwa mfungwa hana wakili, wala hawezi kutoka nje, karatasi zake zafikaje mahakamani kabla muda haujaisha? Nitajaribu kueleza.

Mtu aliyefungwa na mahakama ya wilaya, akitaka kukata rufaa Mahakama Kuu, yampasa kutoa taarifa ya nia yake katika siku 10, kisha apeleke sababu za rufaa katika siku 45. Siku za kungojea nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi. Akishindwa tena, akataka kwenda Mahakama ya Rufani, hutoa taarifa katika siku 30. Kwetu sisi siku 30 ni nyingi. Lakini mfungwa hawezi kupanda baiskeli akaenda masijala. Humpa mkuu wa gereza karatasi zake, na tangu hapo safari si yake tena.

Njia yetu ya zamani ya misafara yaonyesha jambo hili vizuri. Mfuko wa barua za Dk. Livingstone ulitiwa tarehe 1 Novemba 1870. Mwaka 1871 Stanley aliukuta ungali hapa Unyanyembe, akauchukua, na mwenyewe akaupokea Ujiji mwezi wa Novemba, mwaka mzima umepita. Je, walioandika barua zile ndio waliochelewa? Hasha, ni wachukuzi.

Huko Marekani mfungwa mmoja asiye na wakili alikuwa na siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa. Aliikabidhi gerezani siku ya 27, lakini mahakama ikaipiga mhuri siku ya 31. Mwaka 1988, katika kesi ya Houston dhidi ya Lack, Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba siku ya kuhesabu ni ile aliyoikabidhi. Kwetu, Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 zafuata njia hiyo hiyo: mfungwa akijaza fomu na kumkabidhi mkuu wa gereza, huhesabiwa kuwa ametimiza. Naona ni haki tupu.

Aliyechelewa kweli aweza kuomba aongezewe muda, ila lazima atoe sababu ya kutosha, na Mahakama ya Rufani imesema kwamba hata siku moja ya kuchelewa yapaswa kuelezwa. Majaji wamekubali pia kwamba mfungwa hana mamlaka juu ya mambo yake. Lakini atathibitishaje kama tarehe haikuandikwa popote?

Hayo ni ya rufaa za jinai. Mashauri ya madai ni mlima mwingine. Mfungwa akitaka kuidai Serikali fidia, tuseme kwa kupigwa gerezani, kwanza hutoa taarifa ya siku 90, ndipo afungue shauri, na huku muda wa sheria haumngojei.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wenye ndugu kule ndani: mkienda kuwatazama, baada ya salamu ulizeni karatasi ilikabidhiwa tarehe gani, na ni nani aliyeipokea. Andikeni jibu kwenye daftari siku ile ile.