Tuchambue Barua Kama Tuchambuavyo Karafuu

Hakuna mkulima atiaye karafuu na makonyo katika gunia moja. Lakini barua pepe zetu twaziacha zichanganyike, na hasara yake tumeiona.

Ofisini kwetu barua za makundi tuliyojiandikisha, za bei na za hali ya hewa, zilikuwa zikijaa kikashani kila siku. Tukaweka kichujio: kila barua yenye neno "karafuu" iende pembeni. Kumbe mwanachama mmoja alikuwa ametuandikia kuomba maturubai ya kufunikia karafuu zake, na barua yake ikaenda huko huko. Tuliiona baada ya siku tisa. Mvua ilikwisha zinyeshea.

Kosa lilikuwa letu. Barua nyingi za makundi hubeba alama iitwayo List-Id, iliyowekewa kanuni mwaka 2001. Barua uliyoandikiwa wewe mwenyewe kwa kawaida haina. Basi, ndugu mwanachama, ukitumia Gmail fungua barua moja ya kundi, chagua amri ya kuchuja barua za namna hiyo, na alama itajiandika yenyewe. Ipe lebo, uiamuru ipite kikasha, nawe uzisome jioni. Zitakazobaki kikashani zijibiwe kwanza.