Miombo Inapopukutika Kasulu na Kibondo

Mvua zikishakatika, vilima vya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, huanza kubadilika rangi. Miombo hugeuka manjano, kisha kahawia, na kufikia Agosti miti mingi imebaki matawi matupu. Anayedhani kupukutika kwa majani ni jambo la nchi za baridi peke yake hajapita barabara ya Kasulu kwenda Kibondo wakati wa kiangazi.

Mti hauyaachi majani yake ovyo. Kabla ya kuyaangusha hurudisha shinani naitrojeni na fosforasi iliyomo, akiba ya msimu ujao. Kisha Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, miombo huchipua bila kusubiri mvua, kwa maji iliyoyahifadhi shinani na yale ambayo mizizi yake huyafuata chini kabisa. Majani hayo mapya huwa mekundu kwa rangi iitwayo anthosayanini, inayolikinga jani changa dhidi ya jua kali. Maua hufuata, nyuki wakapata chakula, na warina asali wakajua mizinga yao inajaa.

Ulaya mti husaidiwa sana na kufupika kwa mchana kutambua kwamba majira yamegeuka. Huku, karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo joto na unyevu vina uzito zaidi. Na hivyo ndivyo vinavyovurugika. Japani, ambako idara ya hali ya hewa imekuwa ikiandika tarehe za majani kubadilika rangi nchini kote tangu 1953, siku hiyo imezidi kuchelewa kadiri dunia inavyopata joto. Kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa hutabiri Kibondo pamoja na maeneo ya vuli na masika, na Kasulu pamoja na yale ya msimu mmoja mrefu wa Novemba hadi Aprili. Mpaka wa mvua unapita katikati ya wilaya hizi jirani, na watu wa mpakani ndio wa kwanza kuyumbishwa mvua inapokosa mpangilio.

Afya imo humohumo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta vimelea kwa takriban mtoto 1 kati ya 4 wenye umri chini ya miaka 5 mkoani Kigoma, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara. Kimelea kilicho ndani ya mbu huhitaji joto ili kikomae: kwenye nyuzi 25 hukamilika kwa siku kama 12, na chini ya nyuzi 18 hukaribia kusimama. Ubaridi wa usiku wa nyanda za juu ulikuwa ukimcheleweshea mbu kazi. Kila nyuzi inayoongezeka inaipunguza kinga hiyo.

Lakini joto la dunia lisiwe kisingizio chetu. Kati ya 2002 na 2013 Tanzania Bara ilipoteza wastani wa hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, kwa mashamba, mkaa na kuni. Ni rahisi kuwanyooshea kidole wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996, nao ni watu wanaotafuta kuni za kupikia kama jirani zao. Ninachoshindwa kukivumilia ni moto tunaouwasha wenyewe na kuutazama kana kwamba ni sehemu ya kiangazi. Moto wa Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, hupita chini taratibu. Wa Septemba hupanda juu, ukaunguza chipukizi jekundu, maua na mizinga kwa pamoja. Chembe za moshi wake, nyembamba mara nyingi kuliko unywele, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na mtoto mwenye pumu hukohoa usiku kucha katika kijiji ambacho hakuna aliyeulizwa nani aliwasha.

Sheria ndogo za vijiji zinaweza kuweka tarehe ya mwisho ya kuchoma. Wakati wa kuitangaza ni Aprili, kabla nyasi hazijakauka.