Kushindwa kuzuia haja kubwa: je, matibabu ya umeme yanasaidia?

Katika foleni ya zahanati mwenye homa au kikohozi husema wazi. Anayetokwa na haja kubwa bila kujizuia hasemi. Huacha kwenda ibadani, humtuma mtoto kuchukua mgao, na wengine huambiwa wamerogwa. Kwa akina mama, chanzo mara nyingi ni uzazi mgumu: misuli ya njia ya haja kubwa ilichanika au neva zake ziliumia.

Baadhi yenu mmesikia kwa ndugu walioko Ulaya au Marekani kwamba kuna matibabu ya umeme. Ni kweli. Madaktari wa Ujerumani waliyaeleza mwaka 1995. Waya mwembamba hupitishwa chini ya mgongo, karibu na neva zinazoongoza njia ya haja. Mgonjwa hujaribu kwanza kwa wiki mbili au tatu akiwa na kifaa cha nje. Akipata nafuu, kifaa chenye betri huwekwa chini ya ngozi ya tako. Wengi hupata nafuu bila kupona kabisa, na kazi hiyo inahitaji hospitali kubwa yenye mabingwa.

Ipo pia njia ya sindano yenye umeme karibu na kifundo cha mguu, dakika 30 kila wiki, kwa wiki 12. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 227, haukuona tofauti ya maana kati ya sindano hiyo na ya kuigiza. Kwa hiyo mtu akikuomba pesa akufunge nyaya za umeme mguuni, usimpe.

Tena, umeme hauzibi tundu. Kama kinyesi kinapitia ukeni, hiyo ni fistula, na dawa yake ni kushonwa na daktari wa upasuaji. Mwambie mkunga au mhudumu wa afya wa jamii, hata faraghani, ili uandikiwe rufaa.

Matatizo mengine hutibiwa zahanati: kuhara kwa muda mrefu, au choo kigumu kilichoziba huku majimaji yakivuja pembeni. Yapo na mazoezi. Kaza misuli kama unayezuia ushuzi, hesabu hadi tano, legeza; mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Nafuu huchukua miezi, usikate tamaa wiki ya kwanza.

Lakini tatizo likianza ghafla, pamoja na miguu kulegea au ganzi sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.