Maji Moto, Walinzi wa Tui Letu

Kuanzia Mbweni hadi Bagamoyo, na ng'ambo ya bahari Unguja na Pemba, hakuna tunda linaloingia jikoni mara nyingi kama nazi. Wali, maharage, mbaazi, kisamvu, samaki wa kupaka, mihogo ya futari: vyote hupikwa kwa tui. Embe na fenesi vina msimu wake. Lakini mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi, hivyo juu ya mti mmoja utakuta vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi kwa wakati mmoja.

Tui lenyewe lina sayansi yake. Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake, yamefungwa ndani ya seli. Mbuzi huzipasua seli hizo, maji ya vuguvugu hubeba mafuta, na protini za nazi huyazingira matone yasiungane. Joto likifika kama nyuzi 80 za Selsiasi, protini huanza kuganda na mafuta hujitenga na maji. Ndiyo maana mpishi hutia tui zito mwishoni, akakoroga bila kuacha, lisije likakatika.

Lakini ili nazi ifike kwenye mbuzi, lazima ivumilie takriban miezi 12 juu ya mti, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ya hatari. Adui ni kunguni wa minazi, anayejulikana kitaalamu kama Pseudotheraptus wayi. Hufyonza utomvu wa maua ya kike na vidaka huku akiingiza mate yenye sumu. Palipochomwa hufa, na kidaka hudondoka. Kikinusurika, hukua na makovu na kutoa gundi. Kunguni wachache tu huweza kuharibu mazao ya mnazi mzima, na kupulizia dawa mti wa mita 20 si kazi ya mkulima wa kawaida.

Mwaka 1951, mtafiti Mwingereza M. J. Way, aliyefanya kazi Zanzibar, alieleza katika jarida la Nature uhusiano wa kunguni huyo na aina fulani za chungu. Minazi iliyokaliwa na chungu waitwao maji moto, Oecophylla longinoda, ilinusurika. Mwaka 1955 kunguni huyo alipewa jina la kisayansi linalomkumbuka Way.

Maji moto hushona. Wafanyakazi hushikana mnyororo, wakavuta majani mpaka yakutane, kisha wengine hubeba mabuu kwa meno na kuyapitisha huku na huku ili hariri yao iunganishe kingo. Kundi moja hutawala miti kadhaa na kuwinda usiku na mchana. Wakulima wa kusini mwa China walitumia ndugu zao wa Asia kulinda michungwa karne nyingi kabla ya viuatilifu vya viwandani.

Mbona basi minazi mingi haina walinzi hawa? Kwanza, huwauma wakwezi, nao hulipiza kwa kuchoma viota. Pili, wapo sisimizi wa ardhini, Pheidole megacephala, wanaojenga shinani na kuwafukuza. Mtafiti Mtanzania Zuberi Seguni wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, akishirikiana na Way na Paul Van Mele, alionyesha mwaka 2011 katika bustani ya michungwa kwamba kulifyeka shamba likabaki jangwa huwapa sisimizi ushindi. Majani yakiachwa yafunike ardhi, maji moto hurudi kushika miti.

Maji moto si dawa ya kila kitu. Huwalinda pia wadudu wadogo waharibifu wanaotoa utamu ambao chungu hawa huupenda. Tena hawazuii ugonjwa wa kunyong'onyea unaoletwa na fitoplasma (aina ya bakteria), ambao umeua minazi mingi ya pwani hii na kuwashughulisha watafiti wa minazi kwenye kituo cha Chambezi, Bagamoyo. Mkulima ajue kutofautisha: vidaka vyenye makovu vikidondoka huku majani yakibaki kijani, mshuku kunguni. Nazi za rika zote zikidondoka, makarara yakawa meusi na makuti yakaanza kugeuka manjano kutoka chini, huo ni ugonjwa, na haujapata tiba.

Kwa hiyo, mwenye shamba, usichome kiota cha maji moto bila sababu. Acha majani mafupi chini ya minazi, na changanya michungwa, miembe na mipera katikati yake, kwa maana chungu hawa hupenda miti yenye majani laini ya kushona. Mkwezi ataumwa, ni kweli, lakini bei ya nazi sokoni huuma zaidi.