Si kila homa ni malaria: Bakteria watokao kwa wanyama wa nyumbani

HOMA inapompata mtoto katika kata ya Makere, wilayani Kasulu, jambo la kwanza linalotajwa nyumbani ni malaria. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi, kwa kuwa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Hata hivyo, yako maradhi mengine ya homa yanayosababishwa na bakteria kutoka kwa mbwa, mbuzi au kuku wa nyumbani, na ambayo dawa ya malaria haiyagusi.

Ukubwa wa tatizo hilo ulidhihirika mjini Moshi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili kati ya mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa kwa kina. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Walioumwa malaria kweli walikuwa 14 tu. Wengine 118 walibainika kuwa na maambukizi ya bakteria watokanao na wanyama, 40 kati yao wakiwa na homa ya mgunda.

Moshi haina malaria nyingi kama Kasulu, hivyo takwimu hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo. Lakini penye malaria nyingi pana hatari ya aina yake: mgonjwa anaweza kukutwa na vimelea vya malaria katika damu ilhali kinachomwangusha ni kingine, na uchunguzi ukaishia hapo.

Homa ya mgunda ilijulikana kwa wengi Julai 2022, pale watu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, walipougua homa na kutokwa damu puani. Vipimo vilionyesha kuwa haikuwa Ebola wala Marburg. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ni homa ya mgunda. Hadi wakati huo wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikwisha kufariki dunia. Bakteria wake, leptospira, huishi katika figo za panya, mbwa, ng'ombe na nguruwe na kutoka kwa mkojo. Huingia kwa binadamu kupitia mchubuko wa ngozi, macho au kinywa. Mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa huku akiendelea kuchafua maji ya uani.

Kwa nyumba za udongo, ugonjwa unaostahili kutazamwa zaidi ni homa ya papasi. Papasi hujificha mchana katika nyufa za kuta na sakafu, hutoka usiku, hunyonya damu kwa dakika chache na kurudi alikotoka, hivyo aliyeumwa mara nyingi hamwoni. Homa hupanda kwa siku kadhaa, hutoweka, kisha hurudi baada ya wiki moja hivi, jambo linalowafanya wengi waamini kuwa malaria yao haikupona. Kwa mama mjamzito huweza kuharibu mimba.

Ugonjwa huu una historia ndefu pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyekuwa akiuchunguza, alifariki dunia Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwaka 1905, na bakteria wake amepewa jina lake. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa ni binadamu pekee anayewahifadhi bakteria hao. Utafiti uliofanyika Mvumi, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2007, uliitikisa imani hiyo baada ya dalili za bakteria hao kukutwa kwa kuku na nguruwe. Desturi ya kulaza kuku ndani kwa kuhofia wezi na vicheche inaeleweka, lakini humlisha papasi chumba kile kile wanamolala watoto.

Kuhusu kuumwa na mbwa, hofu ya watu huelekezwa kwa kichaa cha mbwa, na ni haki yake, ingawa hicho husababishwa na virusi. Meno ya mbwa na paka hubeba pia bakteria. Jeraha la paka hudharauliwa kwa kuwa ni tundu dogo, kumbe jino lake jembamba huzamisha uchafu ndani, na mkono unaweza kuvimba kabla ya siku moja kwisha. Mikwaruzo yake nayo huweza kuleta homa na uvimbe wa tezi za kwapani. Jeraha la namna yoyote lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mgonjwa afike kituo cha afya kwa chanjo za kichaa cha mbwa na pepopunda.

Homa ya mgunda na ya papasi zote hutibika kwa viuavijasumu vya kawaida, kama vile doksisaiklini na penisilini, zikigunduliwa mapema. Mganga asiyeelezwa kuwa kuku hulala chumbani, au kuwa mbwa wa nyumbani amekufa wiki iliyopita, hana sababu ya kuzifikiria.