Gari la familia: kilomita hazipotei, zinazopotea ni lita

WAFANYABIASHARA wadogo wa Musoma wanaopeleka dagaa Bunda na kurudi na nafaka, wengi hawana magari ya mizigo. Wanatumia gari la nyumbani, Noah au Probox, ambalo asubuhi hupeleka watoto shule, mchana hupakia magunia pale Mwigobero, jioni huchukuliwa na kijana kwenda Nyasho, na Jumapili huazimwa na shemeji mwenye msiba Butiama. Gari la namna hiyo lina madereva wanne na mwenye daftari mmoja, na hapo ndipo hesabu ya mafuta inapoharibika.

Uharibifu wenyewe una upande. Namba ya kilomita kwenye dashibodi hujumlisha safari zote, awe ameendesha baba, mama au mgeni, aseme au asiseme. Mafuta hayana mtunzaji wa namna hiyo. Lita tano alizoweka kijana kwa fedha yake, au chupa mbili zilizonunuliwa kando ya barabara baada ya taa ya mafuta kuwaka karibu na Kiabakari, zinaungua na kwisha bila kuandikwa popote. Kwa hiyo daftari lenye mapengo ya lita halikosei huku na huku. Linakosea kila mara kwa kulisifu gari. Mwenye gari anaamini linakula kidogo kuliko linavyokula, na anapanga gharama ya kusafirisha mzigo kwa imani hiyo.

Chukua mfano wa wiki moja, kwa bei ya Sh. 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Jumatatu tangi linajazwa Musoma mpaka pampu ikate yenyewe, dashibodi ikisoma 84,200. Katika wiki hiyo gari linakwenda Bunda mara mbili na Butiama mara moja, na kilomita zilizobaki ni za mizunguko ya mjini. Jumatatu inayofuata linajazwa tena, dashibodi ikisoma 84,680. Limetembea kilomita 480. Stakabadhi zilizomo daftarini ni mbili: lita 10 za katikati ya wiki na lita 30 za kujazia. Jumla ni lita 40, na gari linaonekana kwenda kilomita 12 kwa lita. Lakini kijana aliweka mafuta ya Sh. 15,000 na shemeji ya Sh. 9,000, kila mmoja kwa uungwana wake, wala hawakusema. Hizo ni lita nane. Mafuta yaliyoungua ni lita 48, na gari linakwenda kilomita 10 tu kwa lita.

Tofauti ya 12 na 10 huonekana ndogo mpaka ipelekwe kwenye mzigo. Kilomita iliyodhaniwa kugharimu Sh. 250 imegharimu Sh. 300. Safari ya Bunda kwenda na kurudi, ikihesabiwa kuwa kilomita 140 pamoja na mizunguko ya sokoni, haikula mafuta ya Sh. 35,000 bali Sh. 42,000. Aliyepakia magunia kumi amepunja bei yake kwa Sh. 700 kila gunia. Kwa safari mbili kila wiki, mwaka mzima ni Sh. 728,000. Mara nyingi pengo hilo halionekani kwa sababu mfuko wa kijana na wa shemeji umesaidia kuliziba. Biashara inapewa ruzuku na familia pasipo yeyote kujua. Siku kijana akihamia mjini kwingine, dagaa walewale wa Bunda wataanza kuleta hasara.

Njia ya kupima inajulikana na madereva wa siku nyingi: kutoka tangi lililojaa hadi tangi lililojaa, ikiwezekana sheli ileile na pampu ileile. Kilichowekwa katikati, hata kiwe cha Sh. 5,000, kinaandikwa na kujumlishwa. Mshale wa mafuta hautoshi, maana nusu ya mshale si lazima iwe nusu ya tangi.

Kinachoandikwa kiwe lita, si shilingi. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), iliyoanza kutangaza bei kikomo mwaka 2009, hutoa bei hizo kila mwezi kwa kila wilaya, na bei ya Musoma si lazima iwe ya Bunda. Anayelinganisha shilingi za mwezi huu na za mwezi uliopita anapima soko la mafuta, hapimi gari. Mwaka 2022 ulionyesha hivyo waziwazi: Juni Serikali iliingiza ruzuku ya Sh. bilioni 100, na hata hivyo Agosti petroli ilipita Sh. 3,400 kwa lita Dar es Salaam. Mwenye daftari la shilingi angeweza kudhani injini imechoka. Vituo vinatakiwa kutoa stakabadhi ya mashine ya kielektroniki, na humo lita zimo. Ujumbe wa malipo ya simu unaonyesha fedha tu.

Ugumu uko kwa watu. Kijana wa nyumbani anaweza kuagizwa kupiga picha ya dashibodi na ya stakabadhi na kuzituma kwa simu. Shemeji ni habari nyingine, na baba mkwe haulizwi lita. Kudai stakabadhi kwa mtu aliyerudisha gari kutoka msibani ni kumhesabia, na hakuna daftari linalostahili ugomvi huo. Lililo salama ni kujaza tangi kabla ya kuazimisha, kujaza tena likirudi, kisha kukifuta kipande chote kilicho kati ya mijazo hiyo miwili: kilomita zake na lita zake. Daftari linaanza upya kwenye tangi lililojaa. Kipande kilichofutwa hakimdanganyi mtu. Kilichokisiwa ndicho kinachodanganya.

Daftari likishakuwa safi, kishawishi kinachofuata ni kutafuta wa kulaumiwa. Mama anayezunguka kati ya Makoko na Nyasho, injini ikiwa bado baridi na kusimama kila baada ya hatua chache, atapata kilomita chache kwa lita kuliko baba aliyenyoosha barabara ya lami hadi Bunda, hata kama mama ndiye dereva bora. Ulinganisho wa haki ni wa njia moja na mzigo uleule. Aidha, mama akipata 8 na baba 12, wastani wa gari si lazima uwe 10. Kama mama alitembea kilomita 120 kwa lita 15 na baba 360 kwa lita 30, ni kilomita 480 kwa lita 45, yaani 10.7. Hujumlishwa kilomita zote na lita zote kwanza, kugawanya baadaye.

Mzigo nao una sehemu yake. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila kilo 45 za ziada huweza kupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 1 hivi, lakini sanduku kubwa la mizigo juu ya paa hupunguza kati ya asilimia 6 na 17 katika barabara kuu, kwa sababu ya upepo. Magunia yaliyofungwa kwenye keria hayawezi kuwa mepesi kwa upepo kuliko sanduku lililochongwa kiwandani. Kabla ya kumgombeza kijana, keria tupu ishushwe na upepo wa matairi upimwe.

Namba zinazotajwa na wauza magari kutoka Japani zisiingizwe katika hesabu ya mzigo. Magari mengi ya zamani yalipimwa kwa kipimo cha 10-15, kilichoanza kutumika huko mwaka 1991, ambapo gari hupimwa juu ya mashine na mwendo haupiti kilomita 70 kwa saa. Hakuna magunia humo, wala shemeji.

Bei kikomo mpya huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwenye kilomita zake halisi kwa lita hugawanya bei hiyo mara moja akapata gharama ya kilomita. Anayepakia Alhamisi kwenda Bunda ana usiku mmoja wa kubadilisha bei ya gunia.